Mjane Aliyengoja Kaburi
Maisha na jamaa ya Mama Mukami Kimathi: hotuba ya wanakwaya katika ibada ya Yubile ya miaka 50



 Mungu ametuleta hadi mwaka wa 50, na jina lake lihimidiwe.

Historia ya kwaya mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Humo mtakutana na walimu wetu wa kwanza, sare zetu za kwanza, na safari za mashindano tulizorudi na kikombe na zile tulizorudi mikono mitupu. Sisi tumepewa kazi tofauti. Kamati ya Yubile ilituomba tuzungumze juu ya wazee, tena tuchague mzee mmoja aliyeishi miaka mingi, akapita katika vita, akalea jamaa, na ambaye maisha yake yana neno kwetu sisi waimbaji. Tumemchagua Mama Mukami Kimathi.

Hakuwa mwanakwaya wetu, na wengi wetu hatukuwahi kumwona ila katika televisheni na magazeti. Tumemchagua kwa sababu ya kazi ambayo kwaya hii huifanya karibu kila Jumamosi. Tukihesabu vizuri miaka hii 50, tumeimba makaburini mara nyingi kuliko arusini. Tunajua namna ya kuusindikiza mwili kutoka mochari hadi nyumbani. Tunajua wimbo wa kuimbwa wakati jeneza linashushwa, na ule wa kuimbwa wakati vijana wanapokezana majembe. Tunajua kwamba mama aliyekuwa analia kwa sauti tangu asubuhi mara nyingi hutulia udongo unapokwisha kupangwa na msalaba kusimamishwa. Huwa anajua sasa mtu wake amelala wapi.

Mama Mukami hakuwahi kuimbiwa wimbo huo kwa ajili ya mume wake. Aliungoja kwa miaka 66, naye akafa akiungoja.

MKE WA MPIGANAJI, NA MPIGANAJI MWENYEWE

Mume wake alikuwa Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, Nyeri, mwaka wa 1920. Kabla ya vita alipata elimu ya misheni pale Tumutumu na baadaye akawa mwalimu. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Kimathi aliingia msitu wa Nyandarua, akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa wapiganaji wa Mau Mau.

Mara nyingi historia humtaja Mukami kama mke wa Kimathi, halafu ikaendelea na safari yake. Hiyo si haki. Mukami alikuwa ndani ya vita vyenyewe. Wanawake ndio waliopeleka chakula, dawa na habari hadi ukingoni mwa msitu, na baadhi yao waliingia msituni wakakaa humo. Aliyekamatwa alifungwa, akahojiwa, akapigwa. Mukami naye alifungwa, na siku mume wake aliposhikwa na kuhukumiwa, yeye mwenyewe alikuwa mfungwa katika gereza la wanawake la Kamiti. Kwa hiyo tunapomwita mkongwe wa vita, hatumpi heshima ya kuazima kutoka kwa mume.

Tuseme pia jambo ambalo litawagusa waimbaji. Nyimbo nyingi za Mau Mau ziliimbwa kwa tuni za tenzi za kanisa. Watu walichukua tuni walizofundishwa misheni, wakatia maneno yao ya kudai ardhi na uhuru. Mzungu aliyepita njiani na asijue Kikuyu alisikia utenzi, akaenda zake. Basi tuni ileile iliimbwa kanisani asubuhi na ikaimbwa usiku karibu na msitu. Sisi tunaozipenda tuni hizo na kuzifundisha kwa nota za solfa tunapaswa kujua zilipopita kabla ya kutufikia.

JUMAPILI YA MWISHO

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu huko Nyeri. Kosa lililomfikisha kwenye kitanzi lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifo, na rufaa zake zikakataliwa.

Tarehe 17 Februari 1957 Mukami alitolewa upande wa wanawake akapelekwa kumwona mume wake. Ilikuwa Jumapili. Siku hiyo, kama leo, makanisa ya Kenya yalikuwa yanaimba. Mume na mke walizungumza kwa mara ya mwisho, wote wawili wafungwa wa gereza moja. Kulipopambazuka tarehe 18, Kimathi alinyongwa. Mwili wake haukutolewa kwa mke, wala kwa mama yake, wala kwa ukoo. Ulizikwa ndani ya ardhi ya gereza, mahali pasipowekwa alama.

Kuna barua iliyohifadhiwa ambayo Kimathi aliiandika kabla ya kufa, akimwandikia padre wa misheni ya Katoliki ya Nyeri aliyekuwa anamtembelea na kumfundisha imani. Aliyeisoma kwa kutafuta maneno ya jemadari atashangaa. Ni barua ya mwenye nyumba anayesafiri. Anamkumbuka mama yake aliyezeeka, ambaye hana wa kumtunza. Anamkumbuka mke wake aliye kizuizini. Anaomba mtoto wake asomeshwe. Sisi ambao tumekaa na wagonjwa wengi usiku wao wa mwisho tunayafahamu maneno hayo, kwa maana ndiyo watu wetu husema. Hata mtu ambaye serikali nzima ilimwogopa, usiku ule alikuwa baba wa watoto na mtoto wa mama.

Hakunyongwa peke yake. Mwanahistoria David Anderson, aliyepitia majalada ya kesi za wakati huo, ameandika kwamba Waafrika 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Zidisheni hesabu hiyo kwa mama, mjane, ndugu na watoto, mwone ni nyumba ngapi za nchi hii zilizobaki na mtu asiye na kaburi.

MIAKA 66

Mungu alimjalia Mukami umri mrefu. Alitoka kizuizini, akaona bendera ya Kenya ikipandishwa Desemba 1963, akalea watoto, akapata wajukuu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, naye aliyaona.

Aliona mtaa wa Nairobi ukiitwa kwa jina la mume wake. Lakini chama chenyewe alichokipigania kiliendelea kuwa haramu katika sheria, kwa maana marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa miaka hiyo yote mkongwe wa vita alikuwa shujaa siku ya sikukuu, na siku ya kawaida karatasi za serikali zilimhesabu kuwa mwanachama wa kundi lililopigwa marufuku.

Mwaka wa 1990 Nelson Mandela, akiwa ametoka gerezani miezi michache tu, alikuja Kenya na kulitaja jina la Kimathi mbele ya umati Nairobi. Alitamani kumwona mjane wake. Ilichukua miaka 15 kabla ya hamu hiyo kutimizwa, Mandela aliporudi Kenya mwaka wa 2005.

Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa, sanamu ya shaba ya Kimathi ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Wengi wetu hupita hapo tukienda kupanda matatu. Baadaye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kikapata hati yake kule Nyeri. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendwa wakati wa Hali ya Hatari, ikakubali kuwalipa wakongwe 5,228 pauni milioni 19.9. Mwaka wa 2015 mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulifunguliwa katika bustani ya Uhuru.

Hesabuni sasa, ndugu zetu. Mtaa ulipatikana. Sanamu ikapatikana. Chuo kikuu, mnara na pauni, vyote vikapatikana. Mjane alikuwa ameomba kitu kimoja, mifupa ya mume wake, aizike kama watu wanavyozikwa. Alipeleka ombi hilo kwa serikali moja baada ya nyingine. Oktoba 2019 zilienea habari kwamba kaburi limetambuliwa pale Kamiti. Nchi ikachangamka kwa siku moja, kisha serikali ikakanusha. Tunaomba kila mama aliye hapa afikirie siku hiyo ilikuwaje kwa mwanamke mwenye umri ule, kuambiwa mume wako amepatikana, halafu kuambiwa hapana.

Mama Mukami alifariki tarehe 4 Mei 2023, akiwa amepita sana miaka 90. Alizikwa Njabini, Nyandarua, mbele ya Rais na umati mkubwa. Kaburi lake linajulikana, na watoto wake wanaweza kwenda kuling'olea magugu. La baba yao bado.

Mnamo Septemba mwaka huohuo alifariki pia Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildi mashali katika msitu ule. Kizazi kinafunga mlango.

RISPA JUU YA MWAMBA

Tulipokuwa tunaitayarisha hotuba hii, mmoja wetu wa sauti ya tatu aliuliza kama Biblia ina mtu wa namna hii. Yupo. Anaitwa Rispa, binti Aya, na habari zake ziko 2 Samweli 21. Wanawe wawili waliuawa pamoja na wanaume wengine watano wa nyumba ya Sauli, na miili ikaachwa mlimani bila kuzikwa. Rispa hakuwa na jeshi wala wakili. Alichukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa. Mchana aliwafukuza ndege, na usiku akawafukuza wanyama. Alikaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ikanyesha.

Rispa hakuhubiri, wala hatusomi kwamba alisema neno lolote. Lakini mfalme Daudi alipopata habari alikwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa mbali, akaikusanya na ya wale saba, akaizika katika kaburi la jamaa yao. Ndipo, Maandiko yanasema, Mungu akayasikia maombi kwa ajili ya nchi. Tazameni mpangilio huo. Nchi ilikuwa na njaa ya miaka mitatu, na watu walikuwa wanaomba. Maombi yalijibiwa baada ya wafu kuzikwa.

Tuna Yusufu pia. Alipokaribia kufa kule Misri aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake huko. Wana wa Israeli walipotoka utumwani, usiku wa haraka vile, mtu alikumbuka kuibeba. Waliibeba jangwani miaka 40, wakaizika Shekemu. Waliuchukua uhuru na mifupa pamoja. Sisi Kenya tuliuchukua uhuru, na mifupa ikabaki gerezani.

NDUGU WALIOULIZA "KWA NINI?"

Hatutaficha kwamba si wote katika kwaya waliopenda mada hii. Ndugu mmoja alisema kwaya isiingie siasa. Dada mwingine alituuliza swali zito zaidi, kwamba nyumbani kwao babu aliuawa na Mau Mau kwa sababu alikataa kiapo akisema amekwisha kuapa kwa damu ya Yesu. Huyo nani atamwimbia?

Mgala muue na haki yake mpe. Swali la dada huyo ni la kweli, na kanisa haliwezi kulikwepa. Kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe, raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliuawa na Mau Mau. Walikuwamo Wakristo waliokataa kiapo, na walikuwamo watu wa Lari waliochomewa nyumba usiku wa tarehe 26 Machi 1953, na wengine wengi wakauawa katika kisasi kilichofuata. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Katika nyumba moja ndugu mmoja alikuwa msituni, wa pili homugadi, wa tatu ameokoka na hataki kushika silaha ya upande wowote. Kisha vita vikaisha, na wote watatu wakarudi kukaa benchi moja kanisani. Baadhi ya hayo mabenchi ni haya mnayokalia.

Wale Wakristo waliokataa kiapo walijengewa ukumbusho. Kanisa kuu la Mtakatifu James kule Murang'a lilijengwa kwa kumbukumbu yao, na ndani yake kuna michoro mikubwa ya Elimo Njau inayoonyesha maisha ya Yesu katika mashamba na vilima vya kwetu, pamoja na watu weusi kama sisi. Mwenye nafasi akaitazame. Tunafurahi kwamba walikumbukwa. Hatuombi waondolewe ili wengine wapate nafasi. Tunasema tu kwamba Mungu aliyewapokea hao hashindwi kusikia kilio cha mjane wa upande wa pili, na kwamba kwaya inayoimba makaburini haimwulizi marehemu alikuwa upande gani kabla ya kuimba.

Na jambo hili si la Nyeri peke yake, wala si la Wakikuyu peke yao. Kwaya yetu ina watu kutoka Kakamega, Kitui, Kisumu na Taita. Vita vya kwanza vya dunia viliwachukua babu zetu wa pande zote kuwa wapagazi. Jina la Kariakor hapa Nairobi linatokana na kikosi chao. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ukitembelea makaburi ya vita utaona mawe meupe yamepangwa vizuri, kila jiwe na jina. Mpagazi wa Kitui hana jiwe. Halafu vikaja vita vya pili, na vijana wetu wa King's African Rifles wakapelekwa hadi Burma. Waliorudi walirudi na medali na vikohozi. Wachache sana wako hai leo, na aliye hai amepita au amekaribia miaka 100.

YUBILE NI MWAKA WA KURUDI NYUMBANI

Sasa tuseme tunalotaka kulisema.

Tunapotamka neno "Yubile" tunafikiria keki, sare mpya, mahema, mgeni wa heshima na harambee. Hayo ni mazuri, na harambee ya leo bado iko palepale, msisahau bahasha zenu. Lakini Yubile ya Walawi 25 ilikuwa na kazi yake. Mwaka wa 50 baragumu ilipigwa, na kila mtu akarudi kwenye ardhi yake na kwa jamaa yake. Aliyetengwa na nyumbani alirudishwa nyumbani.

Basi tumejiuliza ni nani wa nyumbani kwetu ambaye bado hajarudi. Kwaya haina funguo za Kamiti. Hatuwezi kufukua, wala si kazi yetu kufukua. Hilo ni jukumu la serikali, na kama raia tutaendelea kuomba litimizwe. Lakini kuna kitu kilicho mikononi mwetu, nacho kinapungua kila tunapomzika mzee. Ni majina. Mzee anayejua kaka yake alichukuliwa kutoka nyumba gani, akapelekwa kambi gani, akaonekana mara ya mwisho wapi, akifa leo anakwenda na kaburi la watu wawili.

Kwa hiyo kwaya imeamua mambo haya kwa mwaka wa Yubile.

Tutakuwa na Daftari la Wazee. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada, waimbaji wanne, mmoja wa kila sauti, watamtembelea mzee mmoja wa ushirika wetu. Watakwenda na sukari na majani chai kama ilivyo desturi, watamwimbia wimbo anaoupenda, kisha watamsikiliza. Kijana mmoja atarekodi kwa simu, mzee akikubali. Asiyetaka kurekodiwa aandikwe kwa mkono. Asiyetaka kusema aimbiwe tu, na chai inywewe.

Tutauliza mambo ya kawaida. Nani wa jamaa yenu alikwenda vitani au kizuizini na hakurudi? Jina lake kamili, la utotoni na la ubatizo? Alikuwa mtoto wa nani? Alipenda nini? Alionekana wapi mara ya mwisho? Kuna picha, medali, barua au kipande cha nguo kilichobaki? Na kama mzee anakumbuka wimbo wowote wa siku hizo, wa kambini au wa shambani, mwalimu wetu wa kwaya atauandika kwa solfa usipotee.

Halafu Jumapili iliyo karibu na tarehe 20 Oktoba, ambayo ni Siku ya Mashujaa, majina hayo yatasomwa hapa mbele ya madhabahu. Yatasomwa ya walionyongwa, ya waliouawa kwa kukataa kiapo, ya wapagazi na ya askari wa Burma, kwa mfuatano wa alfabeti, bila kutenganishwa. Kila jina likisomwa, jamaa yake wasimame. Tukimaliza, kwaya itaimba ule wimbo tunaouimba jeneza likishushwa. Kwa baadhi yenu itakuwa mara ya kwanza wimbo huo kuimbwa kwa ajili ya mtu wenu. Njooni na watoto.

Kwa wajukuu tuna ombi la pekee. Msimngoje bibi yako augue ndipo uanze kumwuliza. Leo ukifika nyumbani, kabla ya kuwasha televisheni, keti karibu naye umwulize jina la mtu mmoja tu. Ukijibiwa kwa Kikuyu, kwa Kikamba au kwa Kiluhya nawe hukielewi vizuri, mwite shangazi atafsiri. Mama Mukami aliulizwa na wanahabari, na maisha yake yakaandikwa kitabuni. Bibi yako hataandikiwa kitabu na mtu mwingine. Anakungoja wewe.

Kwa wazee wetu mlioketi safu ya mbele, tunasema asante. Mlituachia tuni, mkatuachia kanisa, mkatuachia nchi. Kuna mambo mliyanyamazia ili tuweze kukaa pamoja, nasi tunaelewa ni kwa nini. Lakini sasa tumekua, na tunaweza kubeba. Tupeni majina.

Na kwa Mama Mukami, aliyelala Njabini, tunasema hivi. Ulikaa juu ya mwamba wako tangu mavuno mpaka mvua, miaka 66. Jamaa yako bado wanangoja, nasi tunaomba pamoja nao kwamba mfalme asikie. Siku ile mume wako atakapoletwa nyumbani, ikiwa Kamiti itafunguliwa katika siku zetu, kwaya hii iko tayari kupanda gari kwenda kuimba, na hatutadai nauli.

Bwana awabariki na kuwalinda nyote. Heri ya Yubile ya miaka 50, na Mungu aibariki Kenya.

Amina.